Mguu Huku, Mguu Kule

Kidawa aliichora sakafuni, kwa chaki, mashine ya kukatia mihogo: kila hali ya mashine na duara lake. Kompyuta ilibuni mfuatano wa kubonyeza vitufe ili kuijaribu programu ya kuiendesha, na kila mara programu ilipojibu, yeye aliruka kwenye duara husika. Machano, aliyeiandika programu hiyo, alitazama saa, kwani kiwanda kiliisubiri.

"Zima. Washa. Fungua mlango," kompyuta ikaamuru.

Kidawa akaruka, kisha akapiga kigelegele. "Kaka Machano! Tumeikamata hitilafu!"

Mguu mmoja ulikuwa kwenye "mlango wazi", wa pili bado kwenye "visu vinazunguka".

"Aah! Nani atabonyeza hivyo?"

"Mwenye haraka. Kama wewe!"

Machano akalitazama duara la visu, kisha polepole akavificha vidole vyake vyote kwapani.