Irudishe Kabla Hajaifungua

"Rasto, irudishe. Nakuomba, irudishe kabla hajaifungua!"

Felistus alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Rasto, simu mkononi, jasho linamtoka mpaka kwenye kope. Rasto, fundi wa kompyuta katika ofisi yao ya kupitisha mizigo pale mpakani Busia, upande wa Kenya, aligeuka akicheka.

"Dada Felistus! Umemtumia bosi maneno ya mapenzi?"

"Afadhali yangekuwa mapenzi."

Nyinyi mnaobonyeza kabla ya kuangalia, sikilizeni hapa. Kosa lilikuwa la kidole tu. Asubuhi ile bosi wao, Edimu, aliwaandikia wafanyakazi wote kila mtu amtumie picha ya kitambulisho, mambo ya bima ya matibabu. Felistus akatafuta picha kwenye simu huku anakunywa chai, akabonyeza, akatuma. Chai haijashuka vizuri kooni, akaona alichotuma. Ni kile cha Uganda, alichokipiga picha mezani kwake nyumbani, juu ya kitambaa cha maua.

Asiyekaa mpakani atashangaa mtu kuwa na vitambulisho viwili. Huku si ajabu. Baba yake ni wa Masafu, upande wa Uganda, na huko yeye anaitwa Taaka, ana nyumba yake, ndiko anakolala na watoto. Mama yake ni wa upande wa Kenya, na wajomba ndio waliomtafutia kitambulisho cha huko, kwa jina la Felistus, apate kazi. Asubuhi anavuka akiwa Felistus, jioni anarudi akiwa Taaka, na hakuna aliyejua. Hata kupiga magoti akisalimia wakubwa, vile alivyolelewa kwao Uganda, pale ofisini aliacha kabisa wasije wakamtambua.

Na Edimu si mtu wa kuchezewa. Mlinzi mmoja alipatikana na cheti cha uongo. Edimu mwenyewe aliwapigia polisi simu, akaziba mlango kwa mwili wake mpaka wakamchukua. Yule mlinzi hajarudi kwa watoto wake hadi leo.

"Inawezekana," Rasto alisema akivuta kiti. "Hii imeili ya ofisi ina pahali pa kuivuta nyuma. Kama hajaifungua, inarudi kama haikwenda. Kama ameifungua, dada yangu, mimi sikujui, wewe hunijui."

Ukutani ilipenya sauti ya bosi, yuko kwenye simu, anabweka. "Mzigo si wangu! Niwaambie mara ngapi? Ni wa mteja, Mganda mwenzenu! Jina mtapata leo leo!"

Lori lao lilikuwa limeshikwa na polisi wa Tororo, upande wa Uganda, tangu jana. Sigara zilipatikana chini ya magunia ya chumvi, na tangu hapo hakuna aliyesalimiwa ofisini. Felistus alifunga macho. Katika siku zote za kumkosea huyu mtu, jamani, leo!

Rasto akabonyeza. Wakangoja. Kule ndani kelele zikakatika ghafla.

Kompyuta ikaleta jibu: haikuwezekana, imeshasomwa.

"Pole," Rasto alinong'ona, kisha akaanza kufutafuta kioo cha kompyuta kana kwamba hajawahi kumwona.

Felistus akafikiria kukimbia. Lakini akimbilie wapi? Kenya atashikwa kwa kuwa Taaka, Uganda atashikwa kwa kuwa Felistus. Na watoto watakula nini?

"Mama Trevor!" Ni Edimu, anamwita Felistus kwa jina la mwanawe. "Njoo huku. Na ufunge mlango."

Akaingia. Edimu aliitazama simu, akamtazama yeye, akarudia simu.

"Huyu ni wewe?"

"Bosi, nisamehe. Nina watoto. Naomba hiyo imeili unirudishie, naomba hilo tu."

Edimu akacheka. Tangu jana hakuna aliyemsikia akicheka.

"Keti, mama. Unatetemeka nini? Hapa Busia nani hana viwili? Mimi mwenyewe shangazi zangu wamejaa Kisoko, huko Uganda." Akamgeuzia simu aone, akabonyeza mara moja, na picha ikapotea. "Umeona kwa macho yako? Imekwenda. Nitumie ile nyingine, na hiyo habari iishe hapa kwangu na kwako. Sasa nenda nyumbani mapema, umechoka."

Felistus akapiga magoti, pale pale kwenye vigae, na wala hakujali nani ataona.

"Imerudi!" alimwambia Rasto akichukua mkoba.

"Imerudije, na imesomwa?"

"Wewe jua imerudi. Mungu yupo."

Akapita sokoni, akanunua samaki wa ziwani Majanji, mkubwa, watoto wafurahi. Akaelekea mpakani akiimba wimbo wa kanisani, na wauza mahindi wakamtania: dada, leo umeolewa upya? Akapita geti la Kenya, akapita geti la Uganda, akashusha pumzi ambayo alikuwa ameishika tangu asubuhi.

Wanaume wawili walikuwa wamesimama kando ya geti. Mmoja aliangalia simu yake, akamwangalia, akaangalia simu tena.

"Mama, wewe ndiyo Taaka?"

"Ndiye mimi," akajibu akitabasamu. Huku lilikuwa jina lake.

"Sisi polisi, natoka Tororo. Ile lori ya sigara, mwenyewe ndiyo wewe?"

Akacheka, akidhani ni utani wa mpakani. Yule mwanamume hakucheka. Akamgeuzia simu, na hapo akaiona ile ile picha aliyomtumia bosi asubuhi: kitambulisho chake, kimelazwa juu ya kitambaa cha maua, mezani kwake, nyumbani.