Matawi ya Mjohoro

Kila asubuhi, kabla hata ya kubandika chai, Mama Sifaeli hukata matawi ya mjohoro na kuyatandaza barabarani, kabla ya kona ya kuingilia mjini. Madereva wakiyaona hupunguza mwendo. Nani asiyejua kwamba matawi mabichi juu ya lami maana yake mbele kuna gari limeharibika?

Leo fuso moja lilisimama. Dereva alishuka amefura kwa hasira, akaanza kuyapiga mateke matawi.

"Mama, wiki nzima napita hapa natambaa kama kinyonga, na gari bovu sijaliona! Liko wapi?"

Mama Sifaeli aliokota tawi moja, akalirudisha palepale.

"Lilikuwepo," alisema. "Lori la mbao. Lilizimika hapo mbele ya kona, na wenyewe wakaona tabu kukata hata tawi moja. Sifaeli wangu akatokea na pikipiki yake."

Dereva alivua kofia. Aliinama, akayakusanya matawi aliyoyatawanya, akayapanga upya juu ya lami.

"Pole, mama."

"Ahsante, baba. Nenda salama."

Fuso liliondoka taratibu. Mama Sifaeli alisogea ukingoni mwa kona kulitazama. Barabara ilikuwa tupu. Hata hivyo dereva alipiga honi, akawasha taa ya pembeni, akahamia upande wa pili, akapita mbali kabisa na pale lilipozimika lori, kisha akarudi upande wake.