Ploti Zilizoungua

Nabwire alipomaliza kulinganisha ploti za nyumba za kupanga zilizoungua Kibera na Kawangware na zile zilizonusurika, aliweka kalamu chini.

Hakuna sababu moja iliyotosha kuleta moto. Palipokatwa maji peke yake, watu waliendelea kuishi. Lakini kila mahali ambapo wapangaji walikataa kuhama, maji yakakatwa, kisha keateka, msimamizi wa ploti, akahama mwenyewe, moto ulifuata.

Hapa kwao Kianda walikuwa wamekataa kuhama. Mfereji ulikuwa mkavu tangu Jumatatu.

Nje, kitu kizito kiliburutwa. Alifungua mlango. Keateka alikuwa akifunga godoro kwa kamba juu ya mkokoteni, mkewe kando yake, mtoto mgongoni.

"Tunaenda ocha, kwetu kijijini, kidogo tu," keateka alisema bila kumtazama. Akavuta kamba tena. "Nabwire, leo ukilala, usifunge mlango."