Nyuma ya Kamba

Ili bahari ipone, sheria inawaruhusu watoto tu kuingia majini. Mtu mzima hachovyi hata kidole. Kwa hiyo Mwalimu Mwanasiti wa kambi ya likizo hufundisha akiwa nyuma ya kamba inayowazuia watu wazima ufuoni. Huwasimulia watoto habari za kasa na matumbawe ya utoto wake, nao huzamia na kurudi wakishangilia, "Tumewaona, Mwalimu!"

Jioni moja, akimsuka binti yake Rukia, aliuliza kasa walikuwa wangapi.

"Mama, kule ni mchanga mtupu. Tulikubaliana tusikuvunje moyo."

Mwanasiti alimaliza kusuka.

Asubuhi, mbele ya watoto, alijifunga kibwebwe akaivuka kamba, akaingia majini. King'ora kikalia. Watoto wakamshika mikono, maana kuogelea alikuwa amekwishasahau.