Ndala ya Mkanyagaji

Fundi alikata waya wa mwisho, robota la pamba likaumuka kama unga uliotiwa hamira, na katikati yake ikachomoza ndala ya mguu wa kushoto.

Mama akaacha kucheka.

Zamani robota lile lilitoka kwenye mashine ya kushindilia pamba limepinda, wanunuzi wakalikataa, likageuzwa benchi la wafanyakazi pale mlangoni. Sasa kiwanda kinavunjwa, mashine inauzwa chuma chakavu, nasi tumekuja kujichukulia pamba ya godoro.

Baba alikuwa mkanyagaji. Kila siku aliingia ndani ya sanduku la mashine, ndala kazichomeka kiunoni zisiibiwe, akaikanyaga pamba kwa miguu mitupu huku akiimba, kisha akaruka nje kabla bamba la chuma halijashuka kuishindilia. Siku moja alirudi nyumbani na ndala moja.

"Nyingine imemezwa na mashine," alisema.

"Hiyo mashine inaitwa nani?" Mama alimuuliza, na hakuacha kumuuliza mpaka tulipomzika. Sisi watoto tulivunjika mbavu kila mara. Baba alitazama pembeni tu.

Mama aliipangusa ndala kwa ncha ya mtandio. Mkanda wake uliokatika ulikuwa umeungwa kwa kipande cha waya wa kufungia marobota, mafundo mawili, kama Baba alivyofunga kila kitu nyumbani kwetu.

"Ya nani hiyo, mama?" fundi aliuliza.

Mama alinigeukia mimi.

"Twende nyumbani, mwanangu. Mwenzake bado yuko chini ya kitanda changu."