Mteremko wa Mkuyuni

"Breki zilifeli, afande," mume wa Semeni, dereva wa lori, alirudia, na trafiki akaandika.

Semeni alijipenyeza kwenye kabini ya lori iliyobonyea, akashika mkono wa gia. Ukayumba huku na huku kama jino la mtoto. Gia ilikuwa imetolewa, lori likaachwa liserereke huru.

Miaka sita anafundisha fizikia: mteremkoni injini iliyo kwenye gia ndiyo hupunguza mwendo, breki peke yake huungua. Mume huyu, Semeni alimchorea hadi kwa chaki ukutani. Mume akamcheka; kutoa gia, alisema, kunabana matumizi ya mafuta.

Kando ya barabara alikuwa amelazwa utingo wa lori, mdogo wake Semeni wa tumbo moja, kafunikwa hadi usoni kwa khanga ya mpita njia.

"Zilifeli, mke wangu," mumewe alisema, akimkazia macho.

"Afande," Semeni alisema, bado kashika mkono wa gia, "acha kuandika. Njoo ushike hapa."