Kura Moja kwa Kila Nyumba

Kwa sheria, kila nyumba iliishi miaka mitano kwa bajeti ya chama ilichokichagua, na mpigakura alikuwa yule aliyesoma uchumi kuliko wenzake. Nyumbani kwa Tunu huyo alikuwa mama yake, mwalimu mstaafu wa uchumi mwenye figo zilizokufa.

“Mama, nakupigia magoti! Hawa unaotaka kuwachagua wanafuta huduma ya kusafisha damu.”

“Na wale wanaahidi kila kitu kwa pesa ambazo hazipo. Wewe hesabu zilikupiga chenga tangu darasa la nne.”

“Utakufa!”

“Hilo halibadilishi jumla, mwanangu.”

Mama akabonyeza kidole gumba kwenye kioo cha mashine ya kura. Papo hapo simu ya Tunu ikalia mara mbili: mwanawe amepata nafasi ya shule, miadi ya mama yake ya kusafishwa damu Jumatano imefutwa.

“Wanasemaje?”

Tunu alimsomea ujumbe wa kwanza. Mama akatabasamu, akangoja wa pili.